Kofia ya Rupia

Jumamosi, 3 Aprili 2004

Meneja kaja na jambo. Alhamisi tunafungua wiki ya chakula cha Kithai hotelini. Anataka Nashi, yule msichana wetu wa masaji, asimame mlangoni kavaa kofia ya fedha ambayo meneja mwenyewe kainunua Bangkok. Nashi kakataa. Na mkataba wake unakwisha mwezi huu! Nimepewa mimi kazi ya kumlainisha, maana ati nna ulimi.

Jumatatu, 5 Aprili

Nimemfata chumba cha mataulo. Kiingereza chetu sote cha kuombea maji, lakini tumeelewana. Kwao ni milimani, mpakani Thailand na Burma. Yeye Mlahu. Akayarundika mataulo yakawa milima: bondeni Wathai na Washani, ubavuni Walahu, juu kabisa Waakha. Kila watu na lugha yao, soko moja. Na mpaka je? nikamuuliza. Akapitisha kidole katikati ya taulo — shangazi yake yuko Burma, upande wa pili wa mlima huohuo. Kofia ni ya Waakha. Si yake.

Nikamwambia mbona mimi Sikukuu ya Taifa walinivisha nguo za Dhofar, za watu wa kusini, na sisi asli yetu Ibra, kaskazini, nikavaa nikacheka. Hakucheka. Kasema mwanamke wa Kiakha haiuzi kofia yake ila akiwa kafikwa na shida.

Mume wangu Sleiman asema nisijitie kimbelembele. Kofia ni kofia.

Jumatano, 7 Aprili

Nimekuja nayo nyumbani kuing'arisha. Mama kaishika tu — rupia hizi! Kweli, rupia za Kihindi, zimetobolewa, zimeshonwa safu safu. Kumbe na milima ile zilifika. Kisha akasema bibi alikuwa na mkufu wa rupia kama hizi. Akauuza Unguja mwaka ule wa mapinduzi tuliokimbia, tupate nauli ya kuja huku kwenye asli yetu. Mpaka leo Mama hajui uko shingoni mwa nani.

Chai yake ikapoa. Mie nikaweka kitambaa chini. Roho imeniuma.

Alhamisi, 8 Aprili

Haraka haraka, chumba cha wafanyakazi. Wageni washaanza kuingia. Meneja kasema ama Nashi avae, ama mkataba basi.

Nashi kaja mwenyewe, nywele kazifunga, wanja kapaka. Kasema ana mama wa kulisha, hagombani tena. Ila yeye hataigusa. Kama ni kuvaa, nimvishe mimi, kwa mkono wangu.

Nimeiweka mezani niandike haya. Nzito, wallahi. Meneja anagonga mlango. Nashi kainamisha kichwa, ananingoja.