Msuli wa Nyuma ya Paja

Mjukuu wangu Wambura,

Huku Bugwema tunaendelea, ila tangu tumzike bibi yako nyumba imepoa. Unauliza kama kunyoosha msuli wa paja, unakofanyiwa hospitalini, kunasaidia, maana kunauma.

Baba yako Magesa akiwa mchanga, msuli wangu ulikaza kwa kulima, nikashindwa kuinama. Wenzangu waliuvuta mguu kwa nguvu, nikaumia zaidi. Bibi yako aliukanda kwa maji ya moto, akauinua polepole. "Sema panapouma, Baba Magesa. Ukijikaza kiume utalima kwa magoti!" Nikisema, anaushikilia hapo mpaka ulegee.

Kunasaidia, mjukuu wangu. Mwambie anayekutibu panapouma. Mimi sasa nauvuta mguu mwenyewe kwa kanga ya bibi yako, naacha mapema. Hakuna wa kunisubiri mpaka ulegee.

Babu yako