Meno ya Mama Kwenye Ukuta wa Kanisa

Baba Imali, mume wangu,

Bwana asifiwe hapo Manyatta. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unalalamika kwa sababu ya kuinua wazee kitandani katika makao yao huku ng'ambo, lakini Mungu ananiamsha kila asubuhi na nguvu ya siku hiyo. Kifua chako kinaendeleaje? Usizoee ule moshi wa kuchomelea mageti, funga kitambaa hata wateja wakicheka. Na Imali, bado anaringa na matokeo yake ama ametulia?

Barua hii nampa dada mmoja wa Kondele anayerudi nyumbani, kwa maana kwa simu nikianza kueleza nitalia na hutaelewa kitu. Isome wewe kwanza, halafu uipeleke Kombewa, dada yangu Atieno amsomee mama. Najua wewe huwezi kuketi mbele ya mama mkwe ukaanza habari za mdomo wake.

Ni hivi. Kanisani kwetu hapa kuna ubao ambao kila mtu alibandika picha ya jamaa yake ili aombewe. Mimi nilibandika ile ya mama ambayo Imali alipiga Krismasi, mama ameshika kikombe cha chai, anacheka mpaka macho yamefunga, ile siku ulimkimbiza jogoo ukaanguka zizini na suruali yako mpya.

Jumapili moja naingia, namkuta mama kwenye bango mlangoni, mkubwa kama shuka. Wamemtoa rangi, amebaki mweusi na mweupe. Kikombe wamekikata. Umebaki uso na ule mdomo wazi usio na meno ya chini, na mtu asiyemjua atasema analia. Chini yake wameandika kwamba askari walimvunja meno huko Kongo, kwa hivyo tutoe sadaka, tena tutie sahihi ili serikali ya hapa ipeleke majeshi.

Baba Imali, nilisoma maneno hayo mara mbili.

Wewe ulioa kwetu, si uliambiwa siku za kwanza tu? Waluo wengi wa rika lake walitolewa meno ya chini wakiwa watoto, ndiyo ilikuwa desturi. Mama aliketi chini, fundi akamtoa, na hakutoa sauti. Baba yake alimchinjia kuku kwa furaha. Mpaka leo tukilalamika anatuambia, "Mimi nilitolewa meno kimya, nyinyi mnalilia sindano." Sasa kile kitu anachojivunia maisha yake yote, hapa kimekuwa kipigo.

Anayeongoza hiyo kampeni ni Margaret. Huyu nimewahi kukutajia, ndiye aliniokoa na baridi kwa kunipa koti lake mwenyewe, na nilipougua alikuja na supu mpaka nikapona. Ndiyo maana mdomo ulikuwa mzito. Lakini nilimfuata.

"Margaret, huyu ni mama yangu. Hajawahi kufika Kongo."

"Najua," akasema. "Nilimchukua pale kwenye ubao, ana uso wa ajabu. Lakini huko wako akina mama kama yeye, sivyo? Watu wakipewa maelezo marefu wanapita tu. Wakiona uso wanasimama."

"Na hao askari waliovunja meno?"

"Aliyetengeneza tangazo alidhani hivyo." Akanishika mkono. "Fikiria watoto watakaokula, mpenzi. Tena Jumapili ya mchango ningependa usimame mbele na mimi. Huna haja ya kusema chochote."

Kazini nilimweleza Baba Daniel, yule anayesafisha sakafu, mtu wa Bukavu, huko huko Kongo. Alisimamisha mopu yake akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mama Imali, mimi ndiye nimetoka vitani. Nimezika ndugu zangu. Kanisa hilohilo naketi kiti cha mbele kila wiki, na hakuna mtu ameniuliza."

"Kwa nini?"

"Niangalie. Niko na tai, niko na tumbo, meno yote yako ndani. Sifai kwa tangazo." Alicheka, halafu akaacha. "Na wakiniuliza nitawaharibia. Nitasema majeshi ya wageni yalikuja kwetu nikiwa kijana, yakapiga kambi, na sisi tukaendelea kukimbia. Nitauliza nani ananunua mawe yetu, na nani anauza hizo bunduki. Nani atatoa sadaka baada ya hapo?"

Neno hilo lilinikaa. Nikipiga magoti, maombi hayaendi. Nikinyamaza, mama yangu anabaki mwongo mbele ya watu wa Mungu bila hata kujua. Nikisema, pengine kuna mtoto kambini atakosa uji kwa sababu ya mdomo wangu. Mama sikumpigia, niliogopa presha yake.

Jumapili ikafika, Margaret akaniita mbele, akaniwekea mkono begani. Nikaomba kipaza sauti. Kizungu changu unakijua, ni cha darasa la nane. Nikasema huyu ni mama yangu na hapa anacheka. Hakuna askari amemgusa. Meno alitolewa akiwa mtoto, hakulia, na baba yake akamchinjia kuku. Mtu mmoja nyuma alicheka hapo kwa kuku, akajikohoza. Nikasema aliyetoka vitani ni yule mwenye tai, muulizeni yeye.

Baba Daniel alisimama pole pole. Alisema yale yote, bila hasira, kama mtu anayeelekeza njia. Alipofika kwa mawe yanayotengeneza simu, kijana mmoja alirudisha yake mfukoni. Mzee mmoja akauliza, "Sasa unataka tufanye nini?"

"Nimesema sasa hivi, mzee wangu. Badala ya kuomba majeshi, andikieni wakubwa wenu kuhusu bunduki. Na chakula pelekeni, lakini bila kutusingizia."

Mzee akakaa.

Baadaye jikoni mwa kanisa, Margaret alikuwa anaosha vikombe huku machozi yanatiririka. "Umeniaibisha mbele ya watu wote," akasema. Nikamwambia, "Nawe ulimwaibisha mama yangu." Nikachukua kitambaa nikapangusa vikombe alivyoosha. Bado nampenda, bado namwombea. Lakini koti lake sasa nikilivaa linaniwasha.

Mama walimtoa mlangoni. Wiki hii wamebandika mwingine, amebeba mtoto, leso imefungwa kama wanavyofunga kwetu. Nikauliza ni nani. Margaret akasema picha ilinunuliwa kwenye mtandao, jina halikuja nayo. Kila nikiingia nasimama pale. Yeye hana binti humu ndani.

Sasa nakuomba, Atieno akisoma amwangalie mama usoni. Kama mama atasema ni heri ningenyamaza ili watoto wapate kula, aniambie vilevile, asiyapambe maneno yake.

Nisalimie shemeji yangu mdogo unayechomelea naye, dada yangu Atieno na mume wake, mchungaji wetu, na yule nyanya jirani anayetuuzia samaki wa omena. Imali mwambie asome Biblia hata kama amepita mtihani.

Mungu awafunike wote mpaka miguu yangu ikanyage tena hapo kwetu.

Ni mimi mke wako,
Mama Imali