Wiki ya Pili, Mwezi wa Tisa

Jumatatu, 4 Agosti
Vipindi vitatu. Kompyuta mbili zimegoma. Nimefua, nimempigia mama kule Mohoro. Kapokea Zuhura, mke wa kaka yangu Shabani. Tangu macho ya mama yaingie giza, simu yake iko mikononi mwa Zuhura. Ujumbe ninaotuma, yeye ndiye anayemsomea. Nyuma nikamsikia mama anamsifu: sauti ya asali, sijui nini.
Mimi ndiye binti yake. Mimi ndiye mwalimu wa kompyuta hapa Kibiti. Sifa za kusoma anapewa msichana wa Salale aliyeishia darasa la saba.
Nina wivu. Nimeliandika, basi.

Jumanne, 5 Agosti
Nimepata dawa. Simu yenyewe imsomee mama. Programu ya kusoma kwa sauti ipo. Nimeijaribu kwa ujumbe niliomtumia jana: "Shikamoo mama. Mitihani wiki ya 2 mwezi wa 9. Nitakuja ikiisha."
Ikasoma: wiki ya mbili.
Ya mbili! Zuhura angeangua kicheko. Nitaandika programu yangu ndogo, ipitie kila ujumbe kwanza na kuzigeuza namba za mpangilio kuwa maneno. Ndipo sauti isome.

Jumatano, 6 Agosti
Nilidhani ni kazi ya saa moja. Kanuni: ukikuta wa, ya, la, cha na wenzao, kisha tarakimu, basi 1 iwe kwanza, 2 iwe pili, nyingine zisomwe kawaida. Nikaandika. Nikajaribu "siku ya 21". Ikatoka siku ya ishirini na kwanza. Nimerekebisha: kwanza na pili ni pale 1 na 2 zinaposimama peke yake.
Kisha "mmoja kati ya 2" ikawa mmoja kati ya pili. "Zaidi ya 1", zaidi ya kwanza. Si kila "ya" inapanga foleni. Nimeiwekea orodha ya kuruka: kati ya, zaidi ya, chini ya, badala ya.
Sijala tangu asubuhi. Nakiri, simfanyii mama. Nafanya ili Zuhura akose kazi.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, shule imefungwa. Nimekwenda Mohoro na kurudi.
Nimeweka programu kwenye simu ya mama, nikamwonyesha pa kubonyeza. Simu ikasoma ujumbe wangu wa Jumatatu: wiki ya pili, mwezi wa tisa. Sawasawa kabisa. Zuhura akapiga makofi. Nilitaka aumie. Hakuumia, nikaumia mimi.
Mama akasubiri. "Mbona imekata?"
"Haijakata, mama. Ndiyo mwisho."
"Si ulisema umeniota? Na wali wa huko haunukii kama wangu?"
Zuhura akatoka kwenda kutazama moto. Nikamwambia mama nitairekebisha.

Jumamosi, 9 Agosti
Kutwa natafuta kosa. Nilidhani kanuni inameza maneno yanayofuata tarakimu. Sentensi arobaini nimezipitisha. Haikumeza hata herufi.
Alasiri nikafungua simu yangu nikausoma ujumbe wenyewe. Hakuna ndoto. Hakuna wali. Sikuandika.

Jumapili, 10 Agosti
Nimempigia Zuhura. Nimemuuliza waziwazi.
Akasema: "Wifi, nisamehe. Ulikuwa unaandika maneno mawili matatu, mama anauliza, basi? Akanyong'onyea. Siku moja nikaongeza kidogo. Akacheka. Nikashindwa kuacha."
"Muda gani?"
"Tangu mwaka jana."
Nimekata simu. Mwaka mzima mama amempenda binti aliyetungwa na Zuhura. Nilikuwa namwonea wivu Zuhura peke yake. Sasa ni wawili.

Jumatano, 13 Agosti
Shabani kapiga. Mama amekuwa akiibonyeza simu isome jumbe zangu zote za nyuma, mmoja mmoja. Chakula hali vizuri. Anauliza amenikosea nini.
Baadaye Zuhura naye. "Wifi, nimwambie simu ni mbovu? Ataniamini."
Angeaminiwa, najua. Na mimi ningebaki yule binti mtamu. Nilikaribia kukubali. Kilichonizuia si wema. Ni kiburi: programu yangu si mbovu. Nikamwambia asiseme kitu, nakuja mwenyewe.

Alhamisi, 14 Agosti
Nimejaribu kumwandikia mama ujumbe mrefu. Nimefuta mara sita. Kila nikiandika "nakukumbuka" naisikia sauti ya Zuhura. Naona haya. Nina hasira pia.

Jumamosi, 16 Agosti
Mohoro. Mama yupo mkekani barazani, simu mapajani, imezimwa. Nimemwamkia, nimekaa, nimesema yote. Kwamba simu haikosei. Kwamba maneno mazuri yalikuwa ya Zuhura.
Hakukasirika. Ilikuwa vibaya zaidi, akaanza kuuliza.
"La kuniota?"
"La Zuhura, mama."
"La wali?"
"La Zuhura."
Akapapasa kitambaa chake, akajifuta pua. "Na ule ujumbe wa kwanza, ulipohamia Kibiti? Nilikuwa bado naona kidogo."
Huo ni wangu. Alitaka nimsomee. Akasukuma simu pembeni, hakutaka ile sauti. Nimeutafuta kwenye simu yangu kwa dakika nyingi. Nikasoma: Mama nimefika. Chumba ni kidogo. Nimelia kidogo lakini usimwambie Shabani.
"Rudia," akasema. Nikarudia.
Kisha akamwita Zuhura naye aje asikie. Wivu ukanirudia kama kawaida. Zuhura akaja na unga mikononi, akasimama, hajui akae wapi.
Nikasogea, nikampa nafasi mkekani.