Samli Ndani ya Gramafoni

Jumanne, 2 Julai 1974. Chimala

Mchele umekwenda vizuri leo. Mama mmoja kalalamika kisado changu kina kitako kinene. Nikamwambia, mama, hata mwenye kisado kakaa hivyohivyo. Kacheka, kanunua.

Mchana dereva wa lori kaniletea barua ya dada Matilda kutoka Kihesa. Baba yuko hoi. Chakula hakipiti, uji tu. Anaulizia gramafoni yake. Anataka asikie ile sahani yake ya santuri, ya gitaa, mara moja kabla hajaondoka.

Gramafoni niliichukua mimi, pamoja na hiyo sahani. Nilisema naazima wiki moja. Miaka sita sasa. Niliipiga vilabuni watu wanywe, mpaka ikakata pumzi. Iko chini ya kitanda, juu yake viatu. Kihesa sijakanyaga tangu hapo. Aibu tu, hakuna kingine.

Jumatano, 3 Julai

Nimeipeleka kwa Mwaisaka, fundi saa. Ukiijaza kwa ule mkono wa pembeni, sahani inazunguka mara mbili, inasimama. Kafungua. Mende wawili wakavu. Nikasema hao ndio waimbaji. Mwaisaka hakucheka, ana lenzi jichoni.

Springi nzima. Ubaya ni grisi, imekauka kama ukoko wa ugali. Tumeosha kila kitu kwa mafuta ya taa. Grisi nyepesi kaishiwa. Anakwenda Mbeya Jumamosi kununua. Kasema, "Chesko, ngoja Jumamosi. Usitie kitu chochote humo."

Alhamisi, 4 Julai

Siwezi kungoja mpaka Jumamosi. Mtu anakunywa uji tu.

Nimekwenda kwa Mama Nkwimba, wa wale wenye ng'ombe waliohamia kutoka kaskazini. Kanipa samli kikombe kimoja. Kwa joto la hapa samli ni maji kabisa. Nimetia kwenye springi, kwenye vyuma vidogo vinavyozunguka, kila mahali. Nikajaza. Ikaimba. Gitaa lile lile la baba. Wauza mchele wamecheza mpaka vumbi.

Mwaisaka kaja kuangalia. "Hiyo mashine, siyo pilau." Nikamwambia basi mzee atasikia muziki na harufu ya sikukuu. Watu wamecheka sana. Nimejiona mjanja.

Ijumaa, 5 Julai. Kihesa

Basi kutwa nzima, gramafoni mapajani. Makambako baridi ya kukata masikio.

Baba amekuwa mdogo. Sikujua mtu mzima anaweza kuwa mdogo hivyo. Kaweka mkono juu ya sanduku, akalipapasa. Hakunisema. Afadhali angenisema.

Nikajaza, nikaweka sindano. Sahani ikakokota. Mwimbaji akatoa sauti ya ng'ombe aliyekwama matopeni, halafu kimya. Baba akafumba macho. Matilda kaniangalia.

Nimefungua. Samli imeganda. Nyeupe kama mshumaa. Baridi ya Iringa nimezaliwa nayo, nikaisahau kwa miaka sita tu.

Jumamosi, 6 Julai

Kutwa niko jikoni. Nimeisogeza kwenye moto, ikazunguka kidogo. Nikiibeba kwenda kwa baba, kufika kitandani imeganda tena. Mara tatu. Ikabidi nitoe kila kitu, niioshe upya. Mafuta ya taa hakuna dukani, nimekwenda mpaka mjini. Grisi nimepewa na dereva mmoja wa trekta, kwenye jani la mgomba. Kifuniko cha springi kimejikunja, nakigonga na jiwe kinyooke.

Matilda kaja mlangoni. "Chesko, acha hilo sanduku. Njoo ukae na baba."

"Nakuja, dada."

Kaja tena. Nikamjibu hivyohivyo. Mara ya tatu hakuja.

Jumapili, 7 Julai

Baba amefariki asubuhi. Nilikuwa jikoni, naingiza springi. Matilda kasimama mlangoni. Mikono yangu inanuka mafuta ya taa. Nimenawa mara nne.

Jumatatu, 8 Julai

Tumezika.

Mtani wetu mmoja, Mngoni, amefanya kazi yake. Kavaa ndoo kichwani, kalala chali uwanjani, anazunguka polepole kama sahani yangu, anatoa sauti ya ng'ombe. "Mzee kachoka kungoja muziki. Kasema anaufuata mwenyewe." Watu wamecheka. Matilda kacheka na machozi. Mtani hakasirikiwi, ndiyo desturi, na mimi mwenyewe nimewafanyia wengine mabaya zaidi. Nimecheka nao. Halafu nikaenda nyuma ya nyumba.

Alhamisi, 11 Julai

Imepona. Nimeijaza asubuhi, kwenye baridi kali, ikazunguka sawasawa bila sahani. Baba mdogo kasikia mlio. Kasema, "Mwanangu, humu hakuna muziki mpaka tuanue matanga." Najua. Nilikuwa naangalia tu.

Imepona siku ambayo haina ruhusa ya kuimba. Ningekuwa na mtu wa kumtania ningemtania.

Jumapili, 14 Julai

Tumenyoa, matanga yameanuliwa. Watu wameondoka na sufuria zao. Kitanda cha baba kimefunguliwa, mbao ziko ukutani.

Matilda kasema, haya, iweke. Nimeiweka. Imeimba vizuri, sauti imenyooka. Tumekaa sisi wawili.

Katikati ya wimbo akaniambia. Jumamosi ile baba alikuwa ananisikia nikigonga jikoni. Kila nikinyamaza anauliza, "Ameondoka?" Nikianza tena kugonga anatulia.

Sahani ikaisha, nikainua sindano. Matilda akaleta uji, tukanywa.

Kesho kuna basi la Chimala. Sijui kama nitapanda.