Vijiko Sita vya Chumvi

Akinyi, nyakwara, mjukuu wangu,

Hapa Suna tu wazima, na mama yako amemaliza kuvuna karanga.

Umeuliza kwa nini mimi huonja kila kitu kabla ya kumpa mtoto. Miaka ya tisini, mimi na mwalimu mwenzangu tulikuwa na jarida dogo la wazazi, tukilichapa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono. Toleo moja lilieleza maji ya kumpa mtoto anayehara. Nakala zilikuwa zimeshafika soko la Rangwe nilipousoma tena mstari wangu: vijiko sita vya chumvi, nusu kijiko cha sukari. Nilikuwa nimegeuza vipimo; chumvi nyingi hivyo ingeweza kumuua mtoto.

Nilifika Rangwe nikazikusanya nakala zote, ila moja. Ilikuwa imenunuliwa na mama muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na niliambiwa mtoto wake alikuwa anahara. Nilikaribia nyumbani kwake nikiogopa kusikia kilio.

Mtoto alikuwa mgongoni mwa mama yake, akinyonya kidole.

“Ulimpa yale maji?”

“Nilionja kwanza, mwalimu, nikamwaga,” akasema. “Nilijua aliyeandika alikuwa amechoka.”

Sasa nawe una mtoto, Akinyi. Onja, hata kama aliyekuandikia ni mimi.

Bibi yako, Dani