Kivuli cha Ndege Kwenye Kola

MAELEZO YA SHAHIDI
Yamechukuliwa kituoni, chumba cha upelelezi, asubuhi.
Jina: limo kwenye jalada. Mtaani anaitwa Mama Pasi.
Umri: miaka sitini, kwa kukadiria mwenyewe.
Kazi: dobi.
Makazi: nyuma ya soko, nyumba yenye mlango wa bluu.
Uhusiano: mama mzazi wa mshukiwa.

Afande mwanangu, kwanza nakusalimu wewe na nyumba yako. Mke wa mwanangu anakusalimu, hakulala, macho yamemvimba. Mjukuu wangu mkubwa anakusalimu, na mdogo wake pia, huyo ameuliza kama baba yake amepewa blanketi. Dada yangu anayeumwa miguu anakusalimu kutoka kitandani. Mpangaji wa chumba cha uani naye kasema nisimsahau. Unaniambia salamu haziingii kwenye maelezo. Nakwambia andika tu, baba, mimi sijui kuanza jambo bila salamu.

Mwanangu mnayemshikilia hukusanya beji za zamani za wanajeshi, za kofia, za begani, za kola. Watu humletea awaambie ni ya kikosi gani, ya lini, na ina thamani gani. Zamani nilidhani anaokota vyuma. Siku moja nikakaa karibu nikamwangalia. Haanzi na uso wa beji, anaigeuza kwanza mgongo. Ananiambia, "Mama, uso unaweza kudanganya, mgongo haujui." Ya kuigiza, kingo zake zimelegea kama sabuni iliyotumika. Ya kweli inakata kidole. Tangu hapo nikimletea chai naweka kikombe polepole, kama niko mahali pa ibada.

Sasa afande uelewe nyumba yetu. Mimi nakula kwa kutoa uchafu. Yeye anakula kwa kuuacha.

Mnamo tarehe kumi na mbili mwezi huu, alasiri, alikuja mwalimu mmoja mstaafu, mwanamke wa makamo yangu, anakaa mtaa wa pili. Alileta koti la jeshi la marehemu baba yake, na beji moja ya kola ndani ya kitambaa. Beji ilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni, ndege aliyechongwa juu yake ungemkisia tu. Mwalimu alisema, "Siuzi, kijana. Ndugu zangu wanasema mama aliinunua sokoni ili atudanganye tuna baba shujaa. Nataka kujua kama ni yake."

Hayo niliyasikia nikiwa mlangoni. Yaliyofuata sikuyasikia, nilikuwa uani nageuza mashuka. Nimekuja kujua baadaye kuwa ndipo mwanangu alipomwambia mwalimu asithubutu kuisafisha, maana weusi ule ndio umri wake, na ukiusugua nusu ya thamani inaondoka na maji.

Niliporudi na chai, mwalimu alikuwa nje anaongea na simu. Mwanangu alikuwa amelitandaza koti dirishani. Akaniita, "Mama, njoo uone." Afande, mimi nimepiga pasi sare tangu kijana, za walinzi, za manesi, zenu nyinyi pia, sijawahi kuona kitu kile. Kitambaa chote kilikuwa kimepauka kwa jua. Lakini pale kwenye kola, beji ilipokaa miaka yote, rangi ilibaki mbichi, kijani, kama jana. Na ile rangi mbichi ilikuwa na umbo la ndege. Mabawa, mdomo, mpaka mkia. Nikasema, "Jua limemchora." Akasema, "Koti halisahau, mama."

Nikauliza, "Mbona bawa moja lina pengo?" Pale kwenye kivuli unyoya mmoja haukuwepo. Kwenye beji yenyewe hapakuwa na pengo, ilikuwa nyeusi nzima. Akaninong'oneza, "Hilo ndilo linanitia shaka. Usimwambie mwalimu kwanza, nisimpe tumaini la bure wala nisimvunje moyo. Jibu liko chini ya huo uchafu." Mwalimu akaingia, hakuwa na miwani, akakunja koti lake akaondoka nalo. Beji ilibaki ili mwanangu aipige picha kesho yake kwa mwanga mzuri.

Afande, umwambie dobi kwamba jibu liko chini ya uchafu, halafu umwachie nyumba?

Asubuhi mwanangu alikwenda kununua betri za kamera. Nikaiona beji ya mgeni mezani, nyeusi, nikasema haitoki kwangu hivi, watatusema. Nikachukua limau na majivu laini nikasugua. Ndege akatoka kidogo kidogo, jicho, kisha kifua. Fedha tupu. Nilipofika kwenye bawa, uchafu ulidondoka kipande kizima, na chini yake unyoya ulikuwa umekatika. Palepale palipo na pengo la kwenye koti. Niliketi chini. Yule mzee aliivaa imevunjika miaka yote hiyo, na jua likamwandika pamoja na pengo lake.

Mwanangu aliporudi hakunigombeza. Akaiangalia ikimeta, akasema, "Ni yake." Halafu akasema, "Mama, thamani umeiua. Lakini ni yake."

Kabla hajavua viatu, mwalimu akafika. Alipoiona alipiga kelele, "Yangu ilikuwa nyeusi, na bawa lake zima. Mwizi wewe, umenibadilishia." Mwanangu akasema, "Mwalimu, lete koti tulinganishe." Akajibiwa, "Koti langu hulioni tena." Mwalimu akaita askari, nao walipokuja wakauliza nani kaisafisha, mwanangu akasema, "Mimi." Nilitaka kufungua mdomo, akanikata jicho, jicho lilelile ninalomkata yeye tangu mtoto. Mwalimu akawaambia, "Jana amenikataza kusafisha, leo asafishe yeye? Huyo ni mwongo." Wakamchukua.

Amesema uongo kwa ajili yangu, na uongo wenyewe ndio umemfunga. Aliyesafisha ni mimi. Kitambaa nilichosugulia ninacho hapa, kina weusi wote.

Ninachoomba, mwiteni mwalimu aje na koti, na miwani. Muweke beji juu ya kivuli. Msinisikilize mimi, lisikilizeni koti.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyatenda kwa mikono hii. Nitakaa hapo kwenye benchi. Tafadhali nijibiwe upesi, nyumbani chakula hakiliki.

Saini ya shahidi: (herufi mbili, kwa mkono wake)

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi, amekubali ni sahihi. Kitambaa kimepokelewa. Mlalamikaji ameitwa, amefika na koti na miwani. Beji imewekwa kwenye kola mbele yake, mbele ya mshukiwa na mbele yangu. Vishikio vya nyuma ya beji vimeingia kwenye matundu ya zamani ya kola bila kusukumwa. Kivuli kimefunikwa chote, pengo juu ya pengo. Mlalamikaji ameomba kukaa, kisha ameomba ashike kola hiyo. Amefuta malalamiko yake. Ameuliza nani aliyesafisha, shahidi akanyoosha mikono, mlalamikaji akaishika yote miwili. Mshukiwa ameachiwa. Kwa kuwa familia inasubiri habari, nimemtuma askari nyuma ya soko, mlango wa bluu, atangulie kuwaambia. Nimemwagiza awasalimie wote, kuanzia mkwe mpaka mpangaji wa uani.