Kipanya cha Mkono wa Kushoto

Mwanza, 9 Juni 2025, mwaka wa arobaini tangu niondoke Nachingwea

Mdogo wangu Zulfa,

Nimechelewa kukujibu. Kompyuta ilipowekewa mfumo mpya, kipanya kilinigomea. Kila nikibofya barua yako, inatokea menyu tu. Binti yangu Shamimu akacheka: "Baba, mfumo umerudisha vitufe vya mkono wa kulia. Haujui kama siku hizi wewe ni wa kushoto." Akavigeuza, kikatulia.

Nilikuficha. Tangu kiharusi cha mwaka jana, mkono wa kulia haushiki hata kijiko. Unasema nyumba ya Marambo, huko Nachingwea, imeshaezekwa, nije tuishi pamoja. Lakini huko mnakula sinia moja, nami nitatia mkono gani mbele ya watu? Hapa ananiona Shamimu peke yake. Sitarudi.

Kaka yako,
Sadiki